Tuleteane vyungu, tupunguziane michango

Kila mwaka ukianza kuelekea ukingoni, makundi ya WhatsApp ya mitaa yetu hapa Dar es Salaam hubadilika tabia. Miezi kumi nzima yamekuwa ya kuulizana kama maji yametoka, umeme umekatika kwa nani, na nani kamwona mbuzi aliyekata kamba. Ghafla yanageuka daftari la madeni. Inawekwa orodha: jina, namba ya nyumba, kiasi. Aliyelipa anawekewa alama ya kijani, asiyelipa anabaki mtupu mbele ya kadamnasi, na kila jioni mweka hazina anairusha upya ile orodha kwa salamu fupi: "Jamani, tukumbukane." Hayo ndiyo maandalizi ya sherehe ya majirani kufunga mwaka.

Siku yenyewe ikifika, linakuja gari la wapishi wa kukodi. Linashusha pilau, kuku wa kukaanga, ndizi, kachumbari na matikiti yaliyokwisha kukatwa. Pilau hilo ndilo lililoliwa kwenye kipaimara wiki iliyopita, na ndilo litakaloliwa kwenye sendofu wiki ijayo. Watu wanapanga foleni, wanapakuliwa na vijana waliovaa glovu, wanarudi kwenye viti vya plastiki na kula wakitazamana na spika. Saa nne usiku turubai linakunjwa. Umeshiba, ndiyo. Lakini jirani yako wa nyumba ya tatu anapika nini kwake? Kwao wapi? Anajivunia nini? Hujui, na jana pia ulikuwa hujui.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: sherehe ya mtaa ipikwe na mtaa. Kila nyumba ije na chungu chake, na chungu hicho kiwe cha vyakula vya moto mdogo ambavyo tumevificha kwa sababu havina sura ya kupigwa picha: makande, maharage ya nazi, kisamvu, mtori, makongoro, mbaazi, bokoboko. Ni vya bei nafuu, vinasubiri wageni bila kupoteza ladha, na vina jambo ambalo mpishi wa kukodi hawezi kulileta hata umlipe mara mbili: vinamtambulisha aliyevipika.

Usawa wa kwenye orodha

Watetezi wa mchango wa fedha wana hoja inayovutia ukiisikia mara ya kwanza. Kila kaya inatoa sawa, kwa hiyo hakuna lawama. Sawa kwa nani? Tuchukue mfano wa mtaa wenye kaya 40, kila kaya imepangiwa shilingi 20,000. Zinapatikana 800,000, na kamati inapumua. Kwa mwenye nyumba anayekusanya kodi za wapangaji, hiyo 20,000 ni mafuta ya gari. Kwa mama anayeuza maandazi kwenye kona ya mtaa huohuo, ni mtaji: unga, sukari, mafuta ya kukaangia na mkaa. Akiitoa, biashara inachechemea wiki nzima. Asipoitoa, jina lake linabaki wazi kwenye orodha, na siku ya sherehe anajifungia ndani au anaaga kuwa kaenda kumwona mgonjwa.

Na fedha hiyo haidaiwi peke yake. Desemba ina ada za Januari zinazobisha hodi, ina nauli za kwenda mikoani, ina kadi za harusi zilizopangwa juu ya kabati, ina marejesho ya kikoba. Familia nyingi za mjini hazilemewi na deni moja kubwa. Zinalemewa na vidogo vidogo ambavyo kila kimoja kikija peke yake kinaonekana chepesi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichojaa madeni nacho ni kibaba.

Sasa mwambie mama yuleyule alete chungu cha maharage. Kilo mbili za maharage makavu zikishaiva hukaribia kilo tano, mboga ya kutosha sahani ishirini na ushee. Bei ya maharage yenyewe haifiki nusu ya ule mchango, na huenda yako ndani tayari, yameletwa na basi kutoka kwa bibi. Ongeza nazi mbili, kitunguu, chumvi. Ametoa kitu kinachoonekana, kinacholiwa na kinachosifiwa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wahenga waliosema hivyo walijua kwamba hata mwenye kidogo anahitaji mahali pa kukitolea. Utaratibu unaopokea noti pekee unamfungia mahali hapo.

Moto mdogo una akili zake

Kwa nini nang'ang'ania vyakula vinavyoiva taratibu? Zipo sababu za jikoni kabisa.

Ya kwanza iko buchani. Nyama ya bei ya chini ni ile iliyofanya kazi ngumu kwenye mwili wa ng'ombe: shingo, mkia, kifundo, kongoro. Imejaa kano na utando. Ukiikaanga harakaharaka unatafuna raba. Lakini ikae kwenye mchuzi unaotokota kwa mbali saa tatu, nne, tano, zile kano zinayeyuka na kuwa ute, ule unaofanya midomo ishikane ukinywa supu. Steki ya bei haina ute huo, na ukiichemsha kwa saa hizohizo inabaki nyuzi kavu. Kwa hiyo anayenunua kongoro hajifariji kwa kukosa steki. Kwa kazi hii, kipande chake ndicho bora.

Sababu ya pili ni ratiba yetu. Chakula cha kukaanga kina dakika zake. Chipsi zikipoa ni adhabu, na kuku wa kukaanga akifunikwa nusu saa analowa jasho lake mwenyewe. Maharage ya nazi yakisubiri juu ya makaa machache yanazidi kukolea. Sherehe ya mtaa huanza saa kumi kwenye tangazo na saa kumi na mbili kwenye viti, na hakuna mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliyewahi kulitibu hilo. Ni chungu gani kitavumilia pengo la saa mbili, kama si kile kilichozoea kusubiri?

Ya tatu ni mpishi mwenyewe. Tunachanganya sana muda wa chakula na muda wa mpishi. Makande yanaweza kuchukua nusu siku, ila mpishi wake ameinjika, amepunguza moto, ameendelea kufua, kuuza genge au kutazama mpira, akirudi mara mojamoja kuongeza maji na kupitisha mwiko. Chapati za watu arobaini zinamfunga mtu mbele ya chuma tangu asubuhi, mgongo umepinda, mafuta yanamrukia. Mvumilivu hula mbivu, husema watu. Kwa vyakula hivi, mwenye kuvumilia ni chungu, na mpishi anabaki na siku yake.

Siku hizi hata umeme unaweza kuifanya kazi hiyo. Viko vyungu vya umeme vilivyotengenezwa kwa moto mdogo tu, vya udongo mzito ndani na waya nje. Kinachovuta wati 200, kikiwashwa saa 8 mfululizo, kinakula uniti 1.6. Kwa mteja wa kawaida anayelipa takribani shilingi 356 kwa uniti, gharama yake haifiki shilingi 600. Hapa kwetu bado ni vichache, lakini historia yake inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Tanuri moja, vyungu vya mtaa mzima

Aliyekibuni chungu hicho ni mvumbuzi wa Marekani, Irving Nachumsohn, ambaye baadaye alijiita Irving Naxon. Wazo alilipata kwenye masimulizi ya wazee wake waliotokea Lithuania, katika jamii ya Wayahudi ambao hawawashi moto siku ya Sabato. Ijumaa kabla jua halijazama, kila nyumba ilipeleka kwa mwokaji mikate chungu chake cha maharage, shayiri, viazi na nyama. Tanuri lilikuwa limemaliza kazi ya wiki, lakini kuta zake zilikuwa bado na joto. Vyungu vya mtaa mzima vikalala humo, na Jumamosi kila mtu akaenda kuchukua chake. Chakula hicho huitwa cholent. Naxon aliomba hataza mwaka 1936, akaipata 1940. Mwaka 1970 kampuni ya Rival ya Kansas City ilinunua biashara yake, na mwaka 1971 ikakizindua chungu hicho Chicago kwa jina la Crock-Pot.

Kilichofuata huko kina somo. Wanawake wengi walikuwa wakiingia kwenye ajira ya kutwa, na hapa kikawa kimepatikana kifaa cha kupika mwenyewe akiwa kazini. Lakini hakikukaa nyumbani. Kilibebwa hadi kwenye kumbi za makanisa, shuleni na kwenye sherehe za majirani, ambako desturi ni kila mtu kuja na chake: huyu maharage, yule nyama iliyochambuka, mwingine supu nzito ya kuku. Waswahili waliohamia huko waliipokea desturi hiyo bila kufundishwa. Ukiwa mbali na mashangazi wa kushinda nao jikoni, Idi au Krismasi ya watu hamsini haiwezekani bila kila mmoja kuja na chungu.

Sogea Oman, kwa ndugu zetu tuliooleana nao. Wakati wa Idi, nyama hupakwa viungo, hufungwa kwa majani ya mgomba au ya mtende, ikatiwa kwenye vikapu vilivyosukwa na kushushwa ndani ya shimo lenye makaa. Shimo linafunikwa, nyama inalala humo siku nzima na mara nyingi zaidi. Hiyo ndiyo shuwa. Vijijini shimo huwa la watu wengi, na kila familia inaweka alama kwenye kikapu chake ili siku ya kufukua kusitokee ugomvi.

Wayahudi wa Lithuania na wanavijiji wa Oman hawakuwahi kuulizana, na bado walifika mahali pamoja: moto mmoja, vyungu vingi, kila chungu na alama ya mwenyewe. Haikuwa bahati. Moto mkali ni wa mtu mmoja, kwa sababu unataka mtu asimame mbele yake. Moto mdogo unaweza kumhudumia huyu na yule kwa wakati mmoja, nao wenyewe wakaendelea na shughuli zao.

Sisi wa Pwani tuna bokoboko. Ngano na nyama vinapikwa pamoja hadi nyama ipoteze umbo, kisha vinasongwa kwa mwiko mpaka vishikane, na juu yake inamiminwa samli. Hebu jaribu kusonga bokoboko la watu thelathini peke yako. Mikono lazima ipokezane, ndiyo maana ni chakula cha sikukuu na harusi, si cha Jumanne. Waliolitunga pishi hilo walijua kwamba chakula cha wengi kinataka wengi jikoni pia.

Mchele mmoja, mapishi mengi

Faida ninayoithamini kuliko zote haina hesabu ya fedha. Kila nyumba ikija na chungu, nchi nzima inaonekana juu ya meza. Mtaa wa kawaida wa Dar es Salaam una watu wa kila pembe, na mwaka mzima wanakula wakiwa wamefunga milango. Nyumba ya Mpare italeta makande, mahindi yaliyokobolewa na maharage, yameiva mpaka yanakubali kupondwa kwa kijiko. Ya Mchagga italeta mtori, ndizi zilizopondwa kwenye mchuzi wa nyama, chakula anachopewa mzazi aliyetoka kujifungua. Mama wa Kizaramo ataleta kisamvu kilichotwangwa kikatulia kwenye tui. Mkongomani aliyepanga vyumba vya uani atakuja na majani yaleyale ya muhogo akiyaita sombe, ameyatia mawese badala ya nazi. Hapo ubishi mtamu utaanza: nani kampita mwenzake?

Ubishi huo ndio sherehe. Watu hawasogeleani kwa kula kitu kimoja kilichotoka kwenye gari moja. Wanasogeleana kwa kuulizana.

"Dada, humu umetia karanga?"

"Hapana shemeji, ni tui zito nimelitia mwisho, nikashusha kabla halijachemka sana."

Mtu aliyepanga hapa miaka miwili bila kusemeshwa zaidi ya "mambo" leo amezungukwa na watu anawafundisha pishi la kwao. Kesho asubuhi akipita kituoni ataitwa kwa jina. Pilau la kukodi lingeyaleta wapi mazungumzo hayo? Nani angeulizwa, wakati aliyelipika ameshapanda gari kwenda shughuli nyingine?

Watoto nao wana fungu lao. Wengi wanaokulia mjini wanaijua chipsi mayai kwa undani, ila chakula cha babu zao wanakisikia kwa jina tu, kwa sababu wazazi tunarudi nyumbani saa mbili usiku na hatuna ubavu wa kuinjika mahindi makavu. Siku ya mtaa ingetupa sababu. Mtoto aliyemsaidia baba yake kuchagua mawe kwenye maharage, kisha akaona majirani wanaomba kuongezewa, hataona haya kukitaja chakula hicho shuleni.

Najua kuna methali inayotutahadharisha: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Ni kweli kwa kiasi chake. Lakini mwanao akishikwa na degedege saa nane usiku, mzaliwa nawe yuko Songea, na mwenye bajaji yuko nyumba ya nne. Ukitafuta wa kumwachia funguo, wa kumwangalia mgonjwa ukienda dukani, wa kupiga kelele akiona mwizi anaruka ukuta wako, unamtafuta mtu wa hatua ishirini kutoka mlangoni. Kwa kaya isiyo na bima wala akiba, ujirani ndiyo akiba yenyewe, na haijengwi siku ya shida. Zamani tulijenga kwa kupelekeana bakuli la futari na kulirudisha likiwa na kitu ndani. Leo kuta zimepanda, mageti yamefungwa, bakuli halina pa kupitia. Ndiyo maana tunahitaji walau siku moja ya vyungu hadharani.

Hofu tunazonong'onezana

Hofu zipo, na si za kipuuzi. Tuanze na ile isiyotajwa kwenye vikao: wapo watu mtaani hawagusi chakula cha nyumba nyingine wakiogopa kufanyiwa jambo. Hofu hiyo haiondolewi kwa hotuba. Ipo desturi ya wazee inayotosha: aliyeleta chungu ndiye anayeonja wa kwanza, mbele ya watu. Ifanywe kwa kila chungu, kwa tajiri na kwa maskini, isionekane kwamba anatuhumiwa mtu.

Hofu ya tumbo la kuendesha ni ya haki, na majibu yake yanajulikana. Maharage mekundu yasiyoiva sawasawa yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara ndani ya saa chache. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, tia mapya, yaache yatokote kwa nguvu dakika 10 kwa uchache, au 30 ukitaka kulala usingizi, ndipo upunguze moto. Mwenye chungu cha umeme asiyamimine humo yakiwa mabichi, kwa kuwa joto la chini haliiondoi sumu hiyo. Majani ya muhogo yana sianidi, hivyo kisamvu kitwangwe vizuri na kichemshwe vya kutosha. Tui la nazi huchacha upesi, basi litiwe mwishoni, karibu na saa ya kula. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kibaki juu ya nyuzi joto 60 hadi kinapoliwa, na kilichopikwa kisiachwe nje zaidi ya saa mbili kikipoa. Hapo chungu kinachokaa juu ya jiko lake hadi dakika ya kupakua kina usalama kuliko sufuria zilizopikwa alfajiri na kuzungushwa mjini ndani ya gari.

Hoja nzito zaidi ni ya kina mama. Watasema, na watakuwa na haki, kwamba "kila nyumba na chungu" tafsiri yake mtaani ni "kila mwanamke na chungu", na kwamba mchango wa fedha walau uliwatoa jikoni siku moja. Tusiipite hoja hii kwa mzaha. Chungu kidaiwe kwa nyumba. Supu za asubuhi za nchi hii, za makongoro na utumbo, kwa sehemu kubwa zinapikwa na wanaume, nao hawajawahi kulalamika kuwa mwiko ni mzito. Vivyo hivyo wachoma nyama. Wanaume hao wana majirani, basi waonekane. Na kazi inayowavunja kina mama kwenye shughuli zetu mara nyingi si kupika, ni ule mlima wa vyombo wakati wageni wanaaga. Kila mtu aje na sahani na kijiko chake, aondoke navyo vikiwa vichafu, akavioshe kwake.

Mwisho ni mkaa. Kuchemsha makande kwa mkaa tangu asubuhi ni kula msitu, na tayari Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Lakini kupika taratibu hakulazimu kuwasha moto muda wote. Kuloweka peke yake kunapunguza sana muda wa jikoni. Lipo pia kapu la kuhifadhi joto: unachemsha chakula hadi kitokote vizuri kwa muda, unakifunika na kukizamisha ndani ya kapu lililosheheni matambara na blanketi, na joto lililomo linamalizia kazi kwa saa kadhaa bila kipande cha mkaa. Kabla ya kupakua unakirudisha motoni kitokote tena. Sufuria za presha za umeme nazo zinaivisha maharage kwa muda wa kutazama nusu ya mpira. Hata wenye mkaa, nyumba nne zikitumia jiko moja kubwa kwa zamu, zinafanya kilekile kilichofanywa na vyungu vya kwa mwokaji mikate.

Tukubaliane machache

Hili halihitaji kamati ya watu kumi na mbili. Linahitaji kikao kimoja cha balozi na wakazi, kisichozidi saa moja, cha kugawana: upande huu wa barabara walete vyakula vya wanga, upande ule mboga na nyama, wengine matunda na maji. Bila hivyo mtakuta vyungu ishirini vya maharage na hakuna wali. Wapangaji wa chumba kimoja kimoja waungane watatu au wanne kwenye chungu kimoja. Nyama iwe iliyochinjwa kwa namna inayomruhusu kila mtu kula, na nguruwe abaki nyumbani siku hiyo. Mbele ya kila chungu kuwe na karatasi: jina la chakula, nyumba kilikotoka, na kama kina karanga. Fedha zikichangwa, ziwe za turubai na maji, kwa hiari, bila majina kutangazwa.

Kuna na kishawishi cha kushindana, nacho ni kikubwa. Bila makubaliano, mwenye ghorofa ataleta mbuzi mzima wa kuchoma, na mwaka unaofuata aliyekuja na choroko atakaa kwake. Basi iwe wazi kwamba siku hiyo ni ya vyakula vya moto mdogo. Mwenye uwezo wa mbuzi anunue shingo na mkia, aloweke, asubiri kama wenzake. Atagundua kuwa fedha haiharakishi kongoro.

Na atakayekuja bila chungu? Atakuwepo tu: kijana aliyefukuzwa kazi mwezi uliopita, bibi anayelea wajukuu watano, mgeni aliyehamia juzi na godoro. Asiulizwe, wala asitetewe kwa sauti, kwa maana kumtetea mtu hadharani nako ni kumtangaza. Apewe upawa, awe mmoja wa wanaopakua. Anayepakua anasemeshwa na kila anayepita, na meza ikiisha atakuwa amejulikana kuliko wengi walioleta. Mwakani huenda akaja na chungu, huenda asije nacho. Hakuna mtaa uliowahi kulala njaa kwa chungu kimoja kilichopungua, ila iko mitaa iliyokwisha kusambaratika kwa sababu nyumba mojamoja ziliacha kuja.